Mafundo ya Mama Kemunto

Siku ya kuniaga nilipostaafu, soda zilipokwisha na hotuba zikawa zimechoka zenyewe, daktari kijana aliyeletwa kwetu mwaka jana aliniuliza, "Sista Moraa, ni kweli ulifanya kazi na Daktari Owiti? Yule wa kwenye vitabu?" Nikamjibu ndiyo, na kwamba huyo Owiti wa kwenye vitabu alikuwa hawezi kushuka mteremko wa Manga mvua ikinyesha bila kushikwa mkono na mwanamke. Wakacheka. Halafu nesi mmoja akauliza jina langu liko kwenye makala yake ngapi. Nikasema haliko hata kwenye moja. Wakatazama pembeni kwa adabu, kama watu waliomwona mgeni amevaa viatu visivyofanana.

Basi nimeketi kuwaandikia, ninyi mnaobaki. Daftari hili nimepewa na stoo, sikuliiba. Mambo ya vyeo na mishahara siyaandiki. Mwenye hamu nayo akasome faili langu, lina vumbi la kutosha.

Nilifika katika kituo chetu cha afya Manga miaka michache kabla ya Uhuru, mkunga mwenye cheti kipya na aproni iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nilikuta vitanda viwili, stovu moja ya mafuta ya taa, na sufuria moja ambayo msaidizi wa kituo alichemshia vyombo vya kuzalishia. Humo humo alichemshia mayai yake ya saa nne. Mpaka leo sijui mayai yalitangulia au yalifuata. Siku ile ile nilinunua sufuria ya pili sokoni Keroka, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza kama mtaalamu.

Akina mama waliletwa kwetu kwa machela, wengine wakivuja damu tangu alfajiri. Tuliwafinya tumbo, tukawachoma sindano, tukaomba Mungu. Wengi waliokoka. Aliyeweza kuteremka mlima kwa miguu yake tuliandika "amepona" na faili lake tukalifunga. Hatukuuliza aliishije baadaye. Nawaambia hili mapema kwa sababu ndipo shida yote ilipolala.

Daktari Owiti alikuja baada ya Uhuru, kijana mwembamba wa kutoka kwa watu wa ziwa, Mkatoliki, mwenye viatu vizuri visivyofaa kwa milima yetu. Alikuwa anakaa mjini Kisii na kutujia kwa gari la hospitali mara moja kwa wiki. Yeye kwao ni Kijaluo, mimi Ekegusii, kwa hivyo tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo sote wawili tulikopeshwa na shule. Alinifundisha zaidi ya chuo. Alichora kichwa cha mtu kwenye mfuko wa sukari, akatia kidoa chini ya ubongo. "Hii ni tezi, Sista. Ukubwa wake ni kama haragwe. Lakini maziwa, damu ya mwezi, joto la mwili, nguvu za kuamka asubuhi, vyote vinangoja amri yake." Mwanamke akivuja damu nyingi mno anapozaa, akasema, tezi hiyo hukosa damu ikafa, na mwenyewe akabaki hai. Anarudi nyumbani hana maziwa, hapati siku zake, anahisi baridi jua likiwaka, analala, nywele za mwilini zinapukutika. Anakwisha polepole.

Vitabu vya Ulaya vilijua ugonjwa huo. Hakuna aliyekuwa amekuja kuuliza kama uko kwetu. Owiti alitaka kuwa wa kwanza kuandika, na kusema kweli, mimi pia nilitaka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kipimajoto kinachosoma chini kuliko cha kawaida, nyundo ndogo ya mpira ya kugonga kisigino, na chupa kubwa za kukusanyia mkojo wa siku nzima ili upelekwe Nairobi kupimwa. Hizo chupa zilinizeesha. Mkojo ni kitu cha mtu mwenyewe, na kwetu huachi kitu chako mikononi mwa watu hivi hivi. Wazee waliniuliza ninaupeleka kwa nani. Halafu Wasabato, watu wa kanisa langu, wakauliza kama kukusanya mkojo siku ya Sabato ni kazi. Mchungaji alifikiri sana, akaamua kwamba kukojoa si kazi ila kupima ni kazi. Tukawa hatupimi Jumamosi.

Kwanza, hata hivyo, yalikuja maswali. Daktari alitengeneza fomu: je, unapata siku zako, ulinyonyesha, una hamu na mume wako, unachoka? Akasema mwanamume asiulize, aulize mwanamke wa huku huku. Nani mwingine? Nimeolewa Manga, kila njia ya miguu naijua. Nilitoka boma hadi boma nikiwatafuta wote tuliowahi kuwaandika kwamba walivuja damu, kati ya migomba na mashamba ya chai (ndiyo, sisi Wasabato tunailima na hatuinywi, msiniulize). Kila niliyemkuta aliinama, akatabasamu, akajibu. "Ndiyo, Mama. Niko salama, Mama. Hakuna shida, Mama." Niliweka alama zangu safi. Moyoni nilijisifu jinsi walivyonipokea vizuri.

Daktari alizisoma fomu, akaandika makala yake ya kwanza maishani. Ilisema kwamba katika nyanda za juu za Kisii ugonjwa ule haupo. Akaituma kwa jarida moja la London, na nakala akaipeleka kwa wakubwa wa afya wa mkoa. Alininunulia soda Keroka tukasherehekea. Nilikunywa ile soda yote, na ninaikumbuka kwa uchungu.

Haukupita mwezi, wakamleta Bosibori kwa machela ya gunia. Alikuwa mke wa kijana wa ukoo wetu, watoto watatu, wa mwisho amelelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Alikuwa ameanguka katika shamba la pareto. Malaria, kutapika, mapigo ya moyo hayasikiki vizuri, mwili baridi. Mama mkwe wake alisimama mlangoni, hakuingia.

"Huyu ni mvivu tu," akasema. "Jua linafika hapa juu, yeye bado amelala. Tumeshatuma watu kwao waje wamchukue."

Nilimwosha. Kwapani hakuna unywele hata mmoja. Matiti yamekauka kama ya msichana. Ngozi imepauka. Nikaenda kabatini nikatoa fomu yake. Damu ya mwezi: kawaida. Maziwa: kawaida. Uchovu: hakuna. Mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni.

Bahati ilikuwa siku ya daktari. Alimwangalia mara moja tu, akamtundikia dripu ya glukosi, akamchoma sindano ya haidrokotisoni. Alasiri Bosibori aliketi akaomba uji wa wimbi. Mimi niligeuka nikajifuta macho kwa aproni. Daktari alifurahi kwa dakika moja nzima. "Ni tezi, Sista! Ni yenyewe!" Halafu uso ukambadilika.

"Uliniambia uliwauliza."

"Niliwauliza, Daktari."

"Mbona huyu amesema yuko sawa?"

Ilibidi nimweleze kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu nikiwa mtoto, na ambacho sikukiona kwa sababu nilikuwa nimevaa aproni. Sisi tuna chinsoni, heshima na haya iliyoko kati ya mzazi na mtoto, kati ya mkwe na mkwe. Vizazi viwili vinavyofuatana havizungumzi habari za mwili na kitanda. Mume wangu ni wa kizazi cha baba kwa vijana wote wale, kwa hivyo kila bibi harusi wa mlima ule kwangu ni mkaza mwana. Angewezaje kuniambia hapati siku zake, hana hamu na mume wake? Walinipa jibu la heshima. Mimi mwenyewe ningeulizwa na mama mkwe wangu ningejibu hivyo hivyo.

"Basi fomu zote…" akasema Owiti.

"Zote. Makala ni ya uongo, na uongo nimeupanda mimi. Iandikie London waache."

Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alikuwa akingoja makala ile ndiyo imfungulie mlango wa kuendelea na utafiti. "Unataka niwaandikie Wazungu kwamba nilidanganywa na akina mama wa Kisii?"

"Andika ulidanganywa na nesi. Jina langu unajua kuliandika."

Akapanda gari akaenda bila kuniaga. Alimwachia Bosibori vidonge vya kotisoni, dawa ya jamii ya ile sindano, ya kushika kazi ya tezi iliyokufa, kutoka mkoba wake mwenyewe, kimoja asubuhi na nusu jioni, vya kumfikisha wiki chache. Vilikuwa vinatakiwa kila siku ya maisha yake. Vikikatika, homa ndogo tu ingemmaliza.

Nilichukua basi nikaenda mjini, kwenye stoo ya dawa, kuomba vingine. Mwenye stoo, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alinitolea ile nakala ya makala. "Sista, imeandikwa na daktari wako mwenyewe. Ugonjwa haupo Kisii. Dawa ya ugonjwa usiokuwepo niiagize kwa jina gani?" Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja hadi nyumba ya Owiti, nikaketi barazani. Mpishi wake aliniambia daktari amechoka. Nikamwambia nami nimechoka, tutachoka pamoja.

Alipotoka nilimweleza habari ya stoo. Aliingia ndani akarudi na taipureta yake, akaiweka kwenye meza ya baraza, akachapa barua ya kuiondoa makala. Aliichapa mara tatu kwa sababu alikuwa anabonyeza herufi kwa hasira. Nakala ya kaboni ninayo mpaka sasa. "Kisa kimoja si utafiti," akasema akilamba bahasha. "Mkoa hawatabadili orodha ya dawa kwa mtu mmoja. Tunaanza upya, na safari hii hutauliza wewe."

"Najua atakayeuliza," nikasema.

Chinsoni hukaza kati ya mzazi na mtoto, lakini nyanya na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana mpaka wachoke. Nyanya wa mabibi harusi wale alikuwa mmoja aliyejulikana mlima mzima kwa ulimi wake, Mama Kemunto. Tatizo lilikuwa moja dogo. Kemunto alikuwa mama mkwe wangu.

Jameni, ile siku! Daktari ameketi kwenye kigoda kwa Kemunto, anaeleza kwa Kiswahili damu ya mwezi na hamu ya kitanda, na mzee hajui Kiswahili isipokuwa "sukari" na "toka hapa". Mtafsiri ni mimi, na maneno yale siwezi kuyatamka mbele yake. Nilipata njia moja tu. Niligeuka nikautazama ukuta, nikawapa mgongo wote wawili, nikatafsiri kwa udongo wa ukuta. Masikio yaliniwaka. Nyuma yangu nikamsikia mama mkwe wangu akicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie huyu mtoto wa ziwa," akasema, "kwamba hayo nayauliza kila siku bila fomu. Ila nikirudi nitamwambia nani? Ukuta?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Daktari hamwelewi, na mimi sipaswi kuyasikia mdomoni mwake. Kemunto alifikiri, akanyanyuka akaleta ungo. Damu ya mwezi ikiwepo, akasema, ataweka punje ya mahindi. Maziwa baada ya kuzaa, haragwe jekundu. Yale ya kitanda, punje ya mtama, "kwa kuwa ni madogo lakini hushibisha." Kisichokuwepo, hataweka kitu. Kila mwanamke na fundo lake la kitambaa.

Nilikata vipande vya khaki, kila kimoja nikakiandika namba kwa wino wa kuwekea shuka za hospitali alama. Tulitembea pamoja, yeye na bakora yake, mimi na vitambaa. Nyumba kwa nyumba nilimpa kitambaa nikabaki kwenye ua, nikisikia vicheko ndani, wakati mwingine kimya kirefu, mara moja kilio. Kila mmoja aliambiwa wazi punje zinakwenda kwa daktari, na aliyekataa tulimwacha. Wachache sana walikataa. Kemunto alitoka, akaniwekea fundo mkononi, akatazama pembeni, tukaendelea. Watu wa huku walimwona kama mzee anayegawa mbegu. Miguu yake ilivimba. Nilimsihi tupumzike siku mbili, akaniuliza, "Vidonge vya yule binti vimebaki vingapi?" Nikamwambia. "Basi nipe bakora."

Jioni nilifungua mafundo kwenye meza ya kituo na kuandika. Mengi yalikuwa na punje tatu. Mengine mbili, au moja. Lakini lilikuja fundo nililolifungua, nikaligeuza, nikalikung'uta, na ndani hamkuwa na chochote. Halafu jingine. Kila nilipokuta fundo tupu nilisita kuandika, maana nilikuwa namjua mwenyewe, na kwenye fomu ya zamani nilikuwa nimemwandika mzima.

Wale wa mafundo matupu daktari aliwapima mmoja mmoja. Joto, nyundo kisigino, na zile chupa. Kisigino cha mwenye afya kinarudi mara moja, cha mgonjwa kinarudi kwa uvivu, unaweza kukitazama. Kukawa na Bosibori, na kukawa na wenzake, wa kutosha kujaza benchi letu la nje. Owiti aliandika ripoti usiku huo huo akaipeleka mkoani mwenyewe, hakuiamini posta. Vidonge vya stoo vilifika Bosibori akiwa amebakiza vya siku tatu.

Wazazi wake, waliokuwa wametumiwa watu waje wamchukue, walikuwa wamekwisha kufika. Mama mkwe wake alikuja kituoni kuniuliza kama ni kweli. Bosibori alikuwa akichota maji mtoni asubuhi ile ile, nikamwonyesha kwa kidole kupitia dirishani. Alitazama muda mrefu. "Nilimwita mvivu," akasema, akaondoka akiwa ameshika mdomo. Wale wazazi walikula ugali na kuku wakarudi kwao bila binti.

Makala ya pili ilichukua muda mrefu. London waliuliza, kwa adabu yao, kama punje za mahindi ni kipimo kinachoaminika. Owiti aliwajibu kwamba fomu yake mwenyewe iliyochapwa vizuri ilikuwa imetoa uongo mtupu, na mafundo yalikuwa yamekubaliana na chupa za Nairobi. Ikatoka mwanzoni mwa miaka ya sabini. Aliniuliza kama aliandike jina langu. Nilikataa kwa sababu ya zile fomu za kwanza. Kuna siku nimejuta, hasa Jumatatu. Nilimwomba aandike jina la Kemunto, na liko, mstari wa shukrani mwishoni, jina la mwanamke asiyejua kusoma. Nilipomwonyesha, aliligusa kwa kidole akauliza, "Hapa wamesema nilikuwa na miguu mibaya?" Nikamwambia hapana. "Wangesema," akanijibu. Tulimzika miaka miwili baadaye, na benchi zima la wagonjwa wangu lilikuja.

Owiti alienda Nairobi, kisha ng'ambo, akaandika makala nyingi kuhusu bongo za panya. Alipokuja kututembelea aliniambia barua anazoletewa na wataalamu bado nyingi zinauliza ile ya Kisii. Huko kwao, akasema, makala hupimwa kwa mara ambazo wengine wameitaja. Nilimpeleka stoo nikamwonyesha orodha ya dawa. Kotisoni, vidonge, Kisii. Mstari mmoja tu. Alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa chafu.

Mkichukua kitu kimoja kwangu, chukueni hiki: mkiuliza swali, kwanza jiulizeni ninyi ni nani kwa anayejibu. Nilidhani hata mimi nimelishika somo hilo. Wiki mbili baada ya kustaafu, mke wa mwanangu wa mwisho alijifungua, akavuja damu nyingi. Wenzenu walimwokoa, Mungu awabariki. Siku ya nne nyumbani nilimpelekea uji, nikamwuliza maziwa yapo? Akainama, akatabasamu. "Ndiyo, Mama. Hakuna shida, Mama."

Nikaweka kikombe chini. Miaka yote hiyo ya ukunga, na kwa mtoto huyu mimi ni mama mkwe tu. Nilituma mtu Manga juu, kwa Bosibori. Yeye na mkaza mwana wangu ni kizazi kimoja, wake wa ukoo mmoja. Alikuja kwa miguu, mnene sasa, anapumua kwa nguvu, kopo lake la vidonge likicheza mfukoni. Aliingia chumbani, mlango ukafungwa. Nilisimama uani nikisikia minong'ono, kisha kimya. Sikuwahi kuogopa kimya kama kile.

Alitoka, akaniwekea mkononi fundo la kitambaa. Sijui hata alikikata wapi. Nililifungua. Ndani mlikuwa na maharagwe mekundu, mawili.

"Mbona mawili?" nikamwuliza. "Maziwa ni haragwe moja."

Bosibori, ambaye siku ile ya fomu hakuweza kuninyanyulia macho, alinitazama usoni.

"Yanamwagika, Mama," akasema. "Kalete kitambaa kikubwa."